Boksi Lenyewe Lina Uzito Gani?

Binamu yangu anayeishi Hamburg alinipigia simu usiku, nimeshaswali Isha na naanza kukunja mkeka wa kazi. "Dada, ule mzigo ulionitumia una uzito gani?" Nikamjibu papo hapo, maana hesabu ya viungo vyangu naijua hata usingizini: pilipili manga kilo 20, mdalasini kilo 15, manjano kilo 10, mchaichai mkavu kilo 4.

"Viungo nimeviona kwenye ankara," akasema. "Nakuuliza pakiti. Na lebo, na chupa, na maboksi, na ile plastiki ya vipovu uliyozungushia chupa. Karatasi gramu ngapi, plastiki gramu ngapi, kioo gramu ngapi, bati gramu ngapi. Boksi lenyewe, dada, lina uzito gani?"

Nikanyamaza. Wakati huo nilikuwa nimeshatimiza miaka 7 nikifungasha viungo hapa Wete, Pemba, na sikuwahi hata siku moja kuweka pakiti tupu juu ya mizani.

Nayaandika haya kwa sababu swali lile limebadilisha namna ninavyofanya biashara, na kwa sababu nawaona wenzangu wengi, Unguja na Pemba, wanaingia njia ile ile niliyopita mimi. Kina mama wa sabuni za mwani Paje na Jambiani, wauza asali, wa achari, wa mafuta ya nazi, vijana wa kahawa yenye viungo. Kila mmoja anahangaika na ladha, bei, cheti cha chakula, nauli ya mzigo. Pakiti tunaiangalia uzuri wake tu. Sheria za nchi tunazouzia zinaiangalia kwa jicho jengine kabisa: pakiti hii ikishakuwa tupu, nani atalipia kuondoshwa kwake?

Nisiseme kwamba mambo ya vifungashio nimeanza kuyasikia kutoka Ujerumani. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara, ambako marufuku ilianza tarehe 1 Juni 2019. Mazingira si jambo la Muungano, kwa hiyo sisi tuna sheria yetu, ile ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 2015, na mamlaka yetu, ZEMA. Bara wana kanuni zao za 2019, na faini zake zimeandikwa wazi: anayekutwa na mfuko uliokatazwa, shilingi 30,000 hadi 200,000, anayeuza, 100,000 hadi 500,000, anayetengeneza au kuingiza, kuanzia milioni 20 mpaka bilioni 1. Ukipeleka mzigo Dar es Salaam, unaingia chini ya kanuni za huko, hata kama umefungasha Wete.

Haya yote niliyajua kwa juu juu. Nilipoanza, wateja walionunua vingi niliwapa mikoba myepesi ya plastiki, ile iliyokuwa ikipenya kwa siri licha ya marufuku. Siku moja akaingia afisa, akavuta droo, akaikuta. Faini niliyolipa ilikula mauzo ya wiki 2. Nilikasirika sana. Nikaona nimeonewa, kwamba wakubwa wanaoingiza hawaguswi, mnyonge ndiye anayeadhibiwa. Na baada ya hapo nilichojifunza ni kimoja tu: nisikutwe na mkoba tena. Nikahamia kwenye pakiti za karatasi za rangi ya kaki, zenye kidirisha na zipu, nikajiona nimeshamaliza deni langu na mazingira.

Hapo ndipo nilipokosea, na nadhani wengi wetu tunakosea hapo hapo. Sheria ya marufuku inakwambia kitu fulani usikitumie; ukikiacha, umesalimika. Sheria ya wajibu haikukatazi pakiti yako. Inakwambia itumie, lakini jiandikishe, pima, toa taarifa, na uchangie gharama ya kuikusanya. Mtu aliyezoea ya kwanza anaweza kuikosa ya pili asijue kabisa, kwa sababu hakuna anayemfungulia droo.

Ujerumani walianza na kanuni ya vifungashio mwaka 1991. Majaa yao yalikuwa yanajaa, na serikali ikaamua kwamba mzigo ule usibebwe na miji peke yake. Anayeingiza kifungashio sokoni naye abebe. Sheria ya sasa, wanayoiita VerpackG, imeanza tarehe 1 Januari 2019. Binamu yangu alinieleza kwa simu, na mimi nikaandika kwenye daftari la skuli la mwanangu. Kwanza unajisajili kwenye daftari la taifa linaloitwa LUCID, na usajili huo haulipiwi. Pili unafunga mkataba na moja ya kampuni zinazokusanya taka za vifungashio majumbani, unalipa kwa kilo na kwa aina ya malighafi. Tatu, uzito unaoutaja kwa kampuni ndio huo huo unaoutaja LUCID, zikipishana, wanauliza. Hakuna kiwango cha chini kinachokusamehe. Pakiti 100 zina wajibu sawa na pakiti 100,000. Faini inaweza kufika euro 200,000, na kabla ya hiyo faini, bidhaa isiyo na usajili hairuhusiwi kuuzwa. Daftari lenyewe liko wazi kwa kila mtu, hata mshindani wako anaweza kutafuta jina lako akaona kama umo.

Neno lililonisumbua zaidi ni "mzalishaji". Mimi niliamini mzalishaji wa pakiti ni kiwanda kilichoitengeneza. Kwenye sheria hizi sivyo. Mzalishaji ni yule anayeitia bidhaa na kuiingiza sokoni kibiashara kwa mara ya kwanza. Kwa bidhaa inayotoka nje ya nchi, wanamtazama aliyekuwa na dhamana ya kisheria juu ya mzigo ulipovuka mpaka. Mzigo wa binamu yangu aliuagiza yeye kwa jina la duka lake, kwa hiyo mzalishaji alikuwa yeye, ingawa pakiti hajaziona mpaka zilipofika. Ndiyo maana alikuwa ananiuliza mimi usiku ule: alitakiwa kutoa taarifa ya vitu nilivyovichagua mimi, kwa bei nilizozitaka mimi, bila kumuuliza.

Asubuhi nikaanza kupima.

Mizani ya viungo haikufaa, maana ile inaanza kusoma vizuri kwenye gramu 5. Nikaazima mizani ndogo ya sonara mmoja wa hapa mjini. Nikachukua pakiti 10 kwa pamoja ili makosa yapungue: gramu 92. Nikaandika "karatasi, gramu 9.2 kila moja" na nikampigia binamu kwa furaha. Akauliza, "Una hakika ni karatasi tupu?" Nikamwambia aliyeniuzia kasema karatasi. Akasema, "Iloweke."

Nikazitia zile pakiti 10 kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, nikaziacha tangu alasiri mpaka alfajiri. Nilipozitoa, karatasi ilikuwa imekuwa uji. Nikaifikicha kwa vidole, ikawa inadondoka vipande vipande, na chini yake ikabaki ngozi nyembamba inayong'aa, umbo zima la pakiti na zipu yake, kama gamba la nyoka aliyevua. Nilizianika zile ngozi 10 kwenye kamba ya nguo pale uani. Binti anayenisaidia kazi alipofika, alizitazama muda kisha akauliza, "Mama, hivi ndivyo vilivyokuwa ndani?" Zilipokauka nikapima: plastiki gramu 28. Lebo nilizozibandua kabla zilikuwa gramu 3. Iliyobaki, gramu 61, ndiyo karatasi.

Kwa hesabu ya Wajerumani hiyo haiwi karatasi. Kifungashio cha malighafi 2 au zaidi zisizotenganishwa kwa mkono, na hakuna hata moja inayozidi asilimia 95 ya uzito, kinahesabiwa kuwa cha mchanganyiko, na kina fungu lake la malipo. Yangu ilikuwa karatasi asilimia 66. Kwa hiyo binamu yangu angetoa taarifa ya uongo bila kukusudia, kwa neno la muuza pakiti wa mjini nililolibeba mimi kama lilivyo. Na mimi miaka ile yote nilikuwa nikiwaambia wateja wangu, kwa moyo safi, kwamba situmii plastiki.

Tangu siku ile sinunui kifungashio kwa maneno. Namwambia muuzaji aniandikie: imetengenezwa kwa kitu gani, kila tabaka uzito wake, na kama inafaa kugusana na chakula. Wapo wanaokasirika. Wapo wanaosema "dada, mbona unasumbua, wenzako wote wananunua." Nawaelewa, kwa sababu na wao wamenunua kwa mtu aliyewaambia hivyo hivyo. Akikataa kuandika, naomba pakiti 1, naondoka nayo, nailoweka.

Nikawa na lile daftari sasa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi siku zote nililifikiria neno hilo kwa upande wa fedha. Nikachora safu: karatasi, plastiki, kioo, bati, mchanganyiko. Pakiti moja moja haitoshi. Lebo inaingia. Utepe wa gundi unaingia. Boksi la nje linaingia. Karatasi za kujazia nafasi na plastiki ya vipovu zinaingia, maana kwa mzigo unaokwenda moja kwa moja nyumbani kwa mteja, boksi la kusafirishia nalo ni kifungashio kinachoishia kwenye pipa lake. Chupa yangu ya asali ya kioo ina gramu 118, na kifuniko cha bati gramu 9. Asali iliyomo gramu 250. Yaani kwa kila chupa 2 za asali ninazosafirisha, nasafirisha robo kilo ya vifungashio. Niliutazama mstari huo kwenye daftari kwa muda mrefu.

Kosa langu la pili nililifanya kwa tamaa ya kwenda haraka. Mpwa wangu, kijana hodari wa kompyuta, alinifungulia duka kwenye soko moja la mtandaoni, na wateja wa kwanza wakawa wa Ujerumani, watu waliowahi kutembea mashamba ya Kizimbani na Kidichi wakarudi kwao na hamu ya viungo. Nilikuwa nawatumia moja kwa moja, vifurushi vya kilo moja moja. Sikufikiri kwamba hapa binamu hayumo tena. Mteja wa mwisho hawi mzalishaji. Ukimuuzia wewe kutoka Wete, wajibu ni wako. Na tangu tarehe 1 Julai 2022 masoko ya mtandaoni yanalazimika kuhakikisha kwamba muuzaji ana namba ya usajili ya LUCID, vinginevyo yasimruhusu kuuza huko. Siku moja nikaamka nikakuta bidhaa zangu zote zimefungiwa kwa wateja wa Ujerumani. Nilidhani nimeibiwa akaunti. Nililia, nisifiche, kwa sababu nilikuwa nimeshalipa vijana 2 wa kuchuma hiliki kwa matarajio ya mauzo yale.

Kujisajili kulinichukua jioni 3, na sehemu kubwa ni kutafuta maneno. Malipo ya mkataba kwa kiasi changu kidogo hayakuwa makubwa kama nilivyoogopa. Kilichonigharimu ni ile miezi niliyouza bila namba, nikihesabu kila siku kama kuna barua inakuja. Ukiwa mdogo unadhani huonekani. Nilijifunza kwamba udogo wangu ulinisaidia kwenye kiasi cha kulipa, haukunisaidia hata kidogo kwenye wajibu wa kujulikana.

Nitaje na jambo la alama, kwa sababu nimeliona kwenye bidhaa za wenzangu nyingi. Kijana aliyenichapishia lebo Unguja aliniwekea duara yenye mishale 2 inayojikunja, ya kijani, kwa nia nzuri, "ili ionekane ya kimazingira." Alama hiyo inaitwa Der Grüne Punkt, yaani Nukta ya Kijani. Imesajiliwa kama alama ya biashara, na haisemi kabisa kwamba pakiti inarejelezwa. Asili yake ni kuonyesha kwamba mchango wa kukusanya umelipwa. Kuiweka bila mkataba ni kutumia mali ya mtu. Nilikuwa na lebo 2,000 zilizochapwa. Nilizikata ile pembe kwa mkasi, mimi na watoto, usiku 4. Vivyo hivyo pembetatu yenye namba chini ya vikopo: namba 5 inakwambia ni polipropilini, aina moja ya plastiki, inaishia hapo. Haikuahidi kwamba Wete au Hamburg kuna mtu atakayeichukua.

Kuna siku binamu yangu alinipa shauri la kuniondolea usumbufu wote. "Dada, leta viungo kwa polo, kilo 25, mimi nitapaki hapa. Pakiti ziwe zangu, sheria ziwe zangu." Kwa hesabu ya wajibu lilikuwa shauri zuri: polo linabaki dukani kwake, haliendi kwa mlaji, na mzalishaji wa pakiti anakuwa yeye bila ubishi. Nililifikiria wiki nzima. Lakini mkeka ule wa kazi wanakaa wanawake 4. Mmoja ni mjane, mwengine analipia skuli ya watoto 3 kwa kazi ya kupeta, kupima na kuziba. Tukiuza kwa polo, kazi yao inahamia Hamburg na sisi tunabaki na bei ya shambani. Nikamwambia binamu: tutapaki sisi, na gramu nitakuletea mimi. Tangu hapo kila mzigo unaondoka na karatasi 2, ankara ya viungo na ankara ya vifungashio. Kwake hilo ndilo lililomfanya aongeze oda, kwa sababu wauzaji wake wengine hawampi. Inabidi apime mwenyewe, pakiti moja moja, usiku, baada ya kufunga duka.

Uingereza mambo yana mpangilio tofauti. Huko mfanyabiashara anaingia kwenye wajibu akiwa na mapato yanayozidi pauni milioni 1 kwa mwaka na vifungashio zaidi ya tani 25. Duka dogo la ami yangu London haliko hata karibu na hapo. Nilipojua, nikadhani nimepumzika. Kisha nikapata mnunuzi mkubwa wa mchaichai, na barua yake ya kwanza, kabla hata ya kuzungumza bei, ilikuwa na jedwali la vifungashio. Yeye ndiye mwingizaji, yeye ndiye anayetoa taarifa kila miezi 6 chini ya kanuni mpya zilizoanza tarehe 1 Januari 2025, na hawezi kuijaza bila mimi. Aliuliza pia asilimia ya plastiki iliyorejelezwa, kwa sababu tangu Aprili 2022 wana kodi kwa plastiki yenye chini ya asilimia 30 ya malighafi iliyorejelezwa, kwa anayetengeneza au kuingiza tani 10 na zaidi kwa mwaka. Nilimjibu siku ile ile. Daftari lilikuwa limeshajaa kurasa 40.

Na Umoja wa Ulaya nao umetunga kanuni moja kwa nchi zake zote, namba 2025/40, inayoanza kutumika tarehe 12 Agosti 2026. Ndani yake kuna jambo litakalotugusa sisi wa vifurushi: kufikia 2030 vifungashio vyote viwe vya kurejelezeka, na nafasi tupu ndani ya boksi la kusafirishia isizidi nusu. Mwenye kutuma chupa 1 ya asali ndani ya boksi la viatu aanze kutafuta boksi jengine mapema.

Sasa nije kwenye jambo linalonikaa moyoni kuliko yote hayo.

Mwaka uliofuata, wakati wa maji makuu kutoka, nilikwenda pwani kumtafutia mama mkwe chaza. Njia inapita kwenye mikoko. Kwenye mizizi ya mkoko mmoja, pale inaposimama kama vidole, kulikuwa na takataka zilizonasa: kamba, chupa za maji, kandambili ya mtoto, na ngozi ya pakiti. Niliitambua kabla sijainama. Karatasi ilishaliwa na maji, imebaki ile plastiki na kipande cha lebo kilichoshikilia upande wa nyuma. Wino umepauka, lakini nambari yangu ya simu ilikuwa inasomeka yote, tarakimu 10.

Nilisimama pale nimeishika. Ile pakiti ya pilipili manga niliyomtumia mteja wangu wa Ujerumani ina mtu aliyelipia pipa lake. Nimelipia mimi mwenyewe, na risiti ninayo. Hii iliyouzwa Wete, au Chake Chake, au kwenye boti ya Unguja, hakuna aliyeilipia. Mteja alinunua, akala, akatupa, na jaa la kwetu liko wazi; upepo na mvua ya masika vinachukua vinachotaka. Mbuzi wanakula. Mwaka mmoja Sikukuu ya Mfunguo Tatu tulichinja mbuzi mzuri, tukakuta tumboni mwake donge la plastiki kubwa kama ngumi mbili. Sheria ya Ujerumani ilinifundisha kuuliza nani mzalishaji. Pale kwenye mikoko hapakuwa na haja ya kutafuta LUCID. Jina na simu vilikuwa mkononi mwangu.

Kwa soko la kwetu nimefanya ninachoweza, si kikubwa. Viungo vikavu vinavyouzwa hapa Pemba na Darajani nimevirudisha kwenye karatasi tupu isiyo na ngozi, inayofungwa kwa uzi. Harufu haikai muda mrefu kama kwenye zipu, kwa hiyo napaki kidogo kidogo na naandika tarehe kwa herufi kubwa. Kwa wauza duka naleta kwa kanda na vikapu vya ukili, wanampimia mteja anachotaka, na kikapu kinarudi. Duka moja Mji Mkongwe walikataa, wakasema watalii wanataka pakiti. Baadaye wenyewe wakaniambia watalii wanapiga picha kikapu.

Asali na achari nimeziacha kwenye chupa za kioo, lakini chupa ina shilingi 500 za kurudishia. Mteja akirudisha, anazichukua au anakatwa kwenye chupa mpya. Tunaziosha kwa maji ya moto na sabuni, tunazichemsha dakika 15, tunazikausha kwa kupindua juu ya wavu. Vifuniko haturudii kabisa. Mpira wa ndani ukishachoka hauzibi, na achari haina msamaha. Mwanzo walirudisha watu wachache sana, kisha watoto wakagundua kwamba kuna pesa, na sasa kuna siku nafungua mlango nakuta wamepanga mstari na chupa zao.

Bado nina la kulalamikia. Sina mahali pa kupeleka zile plastiki ninazokusanya mwenyewe. Zimejaa polo 3 uani, nimezipanga kwa aina, zinasubiri. Ningependa siku moja mwingizaji mkubwa wa bidhaa visiwani petu aulizwe swali nililoulizwa mimi usiku ule, na aulizwe kwa gramu, kama nilivyoulizwa mimi. Sisi wadogo tumeshaonyesha kwamba inawezekana kwa mizani ya kuazima na daftari la skuli.

Ijumaa iliyopita boti ya Unguja ilileta pakacha la chupa tupu kutoka kwa wauza duka wetu. Binti alikaa ukumbini kuzihesabu, anazigonga moja moja kwa kucha kusikiliza kama zina ufa. Zilikuwa 87. Akazitenga 3 pembeni, zina lebo ya mwengine, jamu ya embe ya kiwanda nisichokijua.

"Hizi si zetu, Mama. Niziandike wapi?"

Nililifungua daftari. Halikuwa na safu yake. Nikachukua rula nikaichora.